Meno Arobaini na Moja kwa Tisa

Mutua ndugu yangu,

Kwa niaba ya familia, marafiki na wote waliowahi kulisukuma gari letu, ninayo heshima ya kukutangazia rasmi kwamba mshale wa spidi wa Nzou umeokoka. Tangu siku ulipomvalisha tairi kubwa kuliko akili zetu, mshale ule ulikuwa mwongo. Ulisema sabini tukiwa tunakaribia themanini, na wewe ukautetea kwamba una adabu tu, hautaki kutushtua. Sasa umeacha. Ukisema themanini, ni themanini. Nilipogundua nilivua kofia pale pale getini kazini, na askari wa zamu akaniuliza kwa upole kama nimefiwa tena.

Hiyo ndiyo habari kubwa ya Machakos. Nyingine ni ndogo ndogo.

Ninakuandikia nikiwa ndani ya Nzou, karatasi juu ya usukani, tumeegesha nje ya hospitali. Mwaitu, mama yako, yuko ndani kwenye kliniki yake ya presha. Nimemleta mimi, kama ulivyokuwa ukimleta wewe mwenyewe kila mwezi kutoka Muthetheni. Amenifukuza pale mlangoni, anasema ninatembea-tembea na kupandisha presha za watu ambao wamekuja kuzishusha. Ni kweli. Siku hizi siwezi kukaa. Tangu tufike nimeshuka nikakagua tairi, nikapanda, nikashuka tena nikachungulia chini ya ekseli kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia, nikapanda. Mke wangu anasema tangu uende ninaishi kama mtu aliyeacha maharagwe kwenye moto.

Lakini najua unangojea habari za ekseli, hata kabla ya habari za watoto wako. Watoto ni wazima. Sasa tuje kwenye ekseli.

Na kama huko uliko umekaa karibu na mtu asiyejua magari, mfafanulie hivi asije akaboeka. Ndani ya lile bakuli la chuma katikati ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, fundi analiita difu, kuna gia moja kubwa ya meno na nyingine ndogo inayoizungusha. Gawanya meno ya ile kubwa kwa meno ya ile ndogo, unapata namba. Namba ikiwa ndogo, gari linakimbia kwenye lami likiimba, lakini ukilipeleka mlimani linalia. Namba ikiwa kubwa, linapanda hata ukuta, lakini kwenye lami injini inapiga kelele kama mbuzi aliyefungwa mguu. Na ukishaweka tairi kubwa, ile namba ya zamani haitoshi tena. Ni kama mtu wa baiskeli amebadilishiwa magurudumu na miguu ni ile ile.

Mimi nilitaka tubaki na nne nukta moja, namba ambayo gari lilikuja nayo. Wewe ulitaka nne nukta tisa. Kila mtu alikuwa anatetea shida zake. Katikati ya wiki ninatoka na Nzou mjini, ninashika Mombasa Road hadi Konza, kwenye ile stoo ya ujenzi ninayoitunza, na malori yananipumulia mgongoni. Wewe wikendi ulimjaza mbuzi wa soko na mapipa ya maji, ukateremka naye mitoni huko Mwala mahali ambapo hata punda husimama kwanza akafikiria.

"Kyalo, wewe unataka ndege," ulikuwa ukiniambia.

"Na wewe unataka trekta."

"Trekta halijawahi kumwacha mama wa mtu mtoni."

Hapo ulikuwa unajua pa kunishika. Ile drifti ya kwenu, kivuko cha mto chenye saruji chini na ukingo mkali upande wa nyumbani, ndiyo njia pekee ya kumfikisha Mwaitu mlangoni. Kwa tairi zile na namba yangu, Nzou alikuwa anaupanda ukingo ule klachi ikinuka hadi mbuzi wanapiga chafya. Gari moja, kazi mbili. Namba ikikataa lami, mimi sina kazi. Ikikataa mto, Mwaitu hana kliniki. Na hatukuwa watu wa kununua gari la pili, unajua mwenyewe.

Halafu ukaanguka zizini asubuhi, ndoo mkononi, na ubishi wetu ukaniachia pande zote mbili.

Baada ya matanga, mkeo Mwende aliniita nyuma ya nyumba akanionyesha gunia. Akasema, "Shemeji, hiki chuma chako kinanizuia kuweka mahindi." Chuma changu. Nilifungua nikakuta difu, gia ile kubwa na ndogo yake, zimepakwa grisi vizuri kama mtoto aliyepakwa mafuta kwenda kanisani. Nikachukua chaki nikahesabu meno, nikitia alama jino la kwanza nisijidanganye. Kubwa ina arobaini na moja. Ndogo ina tisa. Nikagawanya kwa simu. Nne nukta tano na kitu.

Mutua. Si namba yangu wala si yako. Uliteremka katikati na hukuniambia.

Ninajua kwa nini. Ulijua ningecheka. Ningecheka, ndiyo, ningecheka mpaka wanisikie Masii. Ungekubali ushindwe nusu mbele ya Mwende? Wewe uliyekuwa ukibishana na kipima-joto? Nilikaa juu ya lile gunia nikajaribu kucheka kwa niaba yetu wote wawili, haikutoka vizuri.

Shida ni kwamba gunia lilikuwa moja na Nzou ana ekseli mbili. Fundi Kioko aliitazama ile difu akauliza, "Ya mbele iko wapi?" Nikasema inakuja. Sikuwa ninajua inatoka wapi, lakini nilisema inakuja, kwa sauti ile ile unayotumia kumwambia mwalimu karo inakuja. Akaweka ya nyuma peke yake, kwa sababu siku za kawaida gari linasukumwa na nyuma tu. Lakini alinionya. Mbele bado ni nne nukta moja, akasema. Ukivuta fowili, yote manne yasukume pamoja, magurudumu ya mbele yatataka kukimbia na ya nyuma yatayashika koti. Kitu lazima kivunjike. Akafunga kitambaa chekundu kwenye ule wenzo wa fowili, akakaza fundo. "Usiguse hadi tuweke ya mbele."

Na kwenye lami, bwana, ilikuwa raha. Nzou hapigi kelele na hazimii milimani. Ndipo mshale ukaokoka, maana namba mpya imelingana na tairi. Nilikuwa ninakwenda kazini nikikusimulia kwa sauti, kila asubuhi, madirisha yamefungwa watu wasinisikie.

Sasa, kuhusu yaliyotokea kwenye drifti siku ya kliniki iliyopita, kuna habari inayosimuliwa Muthetheni, nami ndiye niliyeianzisha. Inasema hivi. Tulikuwa tunamrudisha Mwaitu nyumbani. Mchanga ulikuwa umefunika saruji, gari likarukaruka, na katika kurukaruka ule wenzo ukajivuta wenyewe. Nzou akaingia fowili. Kweli akaingia, na hapo sehemu ya habari ni sahihi: tulipoanza ukingo, mbele ikavuta, nyuma ikakataa, kukatokea mlio chini yetu kama sufuria imepigwa na nyundo, na gari likakwama limekaza misuli. Wenzo haukutoka. Haukuenda mbele wala nyuma. Juu upande wa vilima vya Iveti mawingu yalikuwa meusi, na unajua mto ule ukijaa haupigi hodi.

Mwenye mkokoteni wa punda akasimama ukingoni akasoma jina ulilolipaka ubavuni, Nzou, ndovu kwa Kikamba chetu. "Mzee," akaniambia, "huyu ndovu amekuja kunywa maji au kulala?" Mwaitu ndiye aliyemjibu: "Anangojea punda wako amfundishe kazi."

Niliinua gurudumu moja la mbele kwa jeki. Lilipoachana na ardhi likajizungusha lenyewe, paa, hakuna aliyeligusa, na ile nguvu yote iliyokuwa imejikaza ndani ikatoka. Wenzo ukalegea. Nikaurudisha, nikaondoa jeki, nikapanda ukingo kwa nyuma peke yake, taratibu. Arobaini na moja kwa tisa ilipanda, Mutua. Bila harufu ya klachi. Mtu wa punda alipiga makofi, nadhani ni ya kweli.

Kioko alikuta shafti ya mbele imepasuka kiungo. Akaniuliza kwa nini nisirudishe nyuma ile nne nukta moja yangu ya zamani, iko pale kwenye kona, mambo yaishe. Fikiria. Nilikuwa nimeshinda ubishi wa miaka yote ile, na hakuna wa kunipinga. Siku kadhaa nilitembea na jambo hilo kama kijiwe kwenye kiatu. Asubuhi ninasema nirudishe yangu. Mchana, kwa ajili yako, ninasema niende hadi nne nukta tisa, nipige kelele hadi Konza kama kumbukumbu. Jioni ninaona aibu kwa yote mawili. Mwishowe nilifikiria ukingo na nikafikiria yale malori, vyote kwa siku moja, bila kukutia wewe katikati, na bado ikawa ile ile ya gunia. Nikatafuta ya mbele iliyo sawa nayo. Wiki iliyopita Kioko aliiweka pamoja na kiungo kipya. Mbele na nyuma sasa zinasema namba moja. Aliniambia nitoe kitambaa, fowili iko huru. Sijakitoa. Asubuhi hii tuliteremka ukingo tu, hakukuwa na haja. Kupanda ndiko kunakotungoja jioni.

Sasa nikwambie ukweli, kwa sababu hata mshale wa spidi umeanza kuusema na mimi bado.

Wenzo haukujivuta. Hakuna wenzo unaojivuta, na hasa uliofungwa kitambaa chekundu mbele ya macho ya mtu mzima. Mchanga haukuwa hata mwingi. Mwaitu alikuwa amekaa kwenye kiti chako. Tulipofika mwisho wa saruji, gari likainua pua, naye akaogopa kidogo akapiga dashibodi kwa kiganja ili ajishike. Mara mbili, pa pa. Mahali pale pale ulipokuwa ukipiga wewe, pale ulipokuwa ukiniambia, "Vuta sasa, usibembeleze." Na mkono wangu wa kushoto ukavuta. Kitambaa nilikiona, nilikishika pamoja na wenzo wenyewe. Na nikasema, kwa sauti, na mama yako yuko kando yangu, "Sawa, Mutua."

Maonyo ya Kioko nilikuwa ninayakumbuka yote. Wewe ndiye niliyesahau kwamba hupo.

Halafu ule mlio. Mwaitu alinitazama, kisha akatazama mto. Tulipofika nyumbani Mwende akauliza kimetokea nini, nikaanza ule uongo wa kurukaruka, ukanikwama katikati. Mama yako ndiye aliyeumalizia. "Ni mchanga," akasema. "Ulikuwa mwingi sana." Mama yako, ambaye hajawahi kukudanganya wewe hata juu ya nyama iliyobaki.

Ndiyo sababu sikai. Nimembebesha uongo wangu na anautembeza kijijini kwa ajili yangu, anasimulia mchanga kila mara unakuwa mwingi zaidi.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Leo, kabla ya drifti, nitasimama. Nitamwambia kwamba nilikusikia, ingawa anajua. Nitamwambia na Mwende, na Kioko, acha wacheke. Halafu nitafungua kitambaa, nitatazama ukingo kwa macho yangu, na nitavuta fowili kwa sababu mimi nimeona inafaa. Mwaitu akipiga dashibodi nitajua ni yeye. Na kila mwezi nitamfikisha mlangoni kwake hadi atakaponiambia amechoka na mimi.

Huyo anatoka, kiondo mkononi, ananitafuta upande usio wangu. Nikimpigia honi atasema ninawaamsha wagonjwa. Nakwenda kumshika mkono.

Baki vizuri ulipo, trekta wangu.

Kyalo