Maji Yanauma

Wandegeya, Kampala
8 Oktoba 2024

Kwa Mama Okwera,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yako bado yanakufikisha shambani. Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu.

Nakuandikia kwa sababu najua simu haikufai tena tangu masikio yalipoharibika. Nampa barua Kamis, kondakta wa basi la Gulu, maana anapita hapa kwenye duka la kuchapa ninapofanya kazi, na anasema mnamjua. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee tunayoielewa mimi na wewe. Kiacholi changu kiliishia kwenye salamu, na wewe Kinubi hukijui.

Tangu tumzike mume wangu Okwera hatujasemezana. Shemeji yako, Mzee Ocira, alisema kwenye kikao kwamba mtoto wa marehemu hukaa kwa ukoo wa baba yake, nami alfajiri nikambeba mwanangu Taban nikapanda basi. Siandiki ili tuyaanze yale tena.

Taban anaumwa, Mama. Mdomo. Ijumaa alipata homa, nikadhani ni malaria, lakini kipimo hakikuonyesha kitu. Kisha fizi zikavimba, zikawa nyekundu kama nyanya iliyopasuka, halafu vidonda vikatokea kwenye ulimi, ndani ya midomo, mpaka karibu na koo. Mate yanamtiririka, shati linalowa. Mchana ana afadhali, anachana karatasi ninazomletea kutoka dukani. Giza likiingia, maumivu nayo yanaamka. Nikimpa kikombe anakishika, anakitazama, anakirudisha. Anasema, "Maji inauma." Hasemi kwa kulia. Anasema polepole, kama mtu mzima anayekueleza jambo ambalo hulijui.

Basi tunazunguka. Chumba chetu ni kidogo: kitanda, jiko, mlango. Nambeba begani, natoka kitandani hadi mlangoni, narudi. Dirishani tunawaona kaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani, wamesimama juu ya paa la hosteli za wanafunzi, shingo ndani ya mabega. Yeye anawaita askari, nadhani kwa sababu ya picha ya baba yake ukutani, akiwa na sare ya polisi. "Askari amelala?" ananiuliza. Namwambia bado, askari halali usiku.

Okwera aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa mdogo, kambini, mdomo wake ulioza hivihivi mkadhani hatapona, na wewe ukamtuliza. Hakukumbuka ulifanyaje. Alikumbuka ubaridi wa kitu shavuni, basi. Naomba uniambie kilikuwa nini.

Mkweo,
Rahmah

*

Nje ya Gulu
10 Oktoba 2024

Kwa Rahmah,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako Kamis ameileta jana jioni. Mimi sijambo. Magoti ni yaleyale. Mvua imetupa maharage mengi mwaka huu.

Kilikuwa mtungi. Tulikuwa kwenye kambi ya askari, nyumba za mabati, joto halitoki mpaka usiku wa manane. Baba yake alikuwa safarini na kikosi. Nilikuwa na mtungi wa maji nimeufukia nusu kwenye mchanga uliolowa. Okwera akiwaka mdomo nilimkalisha chini, nikamwegemeza shavu kwenye tumbo la mtungi. Upande mmoja ukipata joto, namgeuza. Alilala ameukumbatia kama ng'ombe wake.

Usimpe chungwa, usimpe nyanya, usimtie chumvi mdomoni hata wakikuambia inaua vidonda. Pika uji wa ulezi mwepesi, uchuje kwa kitambaa, uache upoe kabisa. Akikataa kikombe usimlazimishe. Chovya kitambaa safi, mpe anyonye. Kidogo, pumzika, kidogo. Mtoto aliyeumizwa na kikombe anakiogopa kikombe kuliko ugonjwa.

Angalia mkojo wake. Ukipungua, usingoje barua yangu. Nenda hospitali.

Mwambie kuwa bibi yake anamsalimu. Kama anajua ana bibi.

Mama Okwera

*

Wandegeya, Kampala
12 Oktoba 2024

Mama,

Assalamu alaikum, na pole na magoti. Asante kwa barua. Nimeisoma nikiwa nimesimama, Taban mgongoni, na mwanafunzi ananingojea nimjalidie kitabu chake cha chuo.

Mtungi sina. Nina jerikeni la manjano. Jana usiku nililijaza bombani, nikalifunga kwa kanga iliyolowa, nikamwegemeza shavu. Mwanzoni alishtuka. Kisha akatulia, akafumba macho, na mkono wake ukaanza kulipapasa lile jerikeni taratibu, kama yeye ndiye anayelibembeleza. Nikalala sakafuni karibu nao. Usingizi uliponichukua sikujua tena ni jerikeni au mtungi, ni Wandegeya au kambini kwenu. Niliona nyumba za mabati ambazo sijawahi kufika, na mwanamke amechuchumaa kwenye mchanga, amenipa mgongo. Nilitaka kumwita nikakosa jina la kumwita.

Niliposhtuka alikuwa analia tena.

Mama, sitakuficha, leo hali si nzuri. Uji amenyonya kitambaa mara chache, akageuza uso. Fizi zinatoa damu. Shakirah, jirani wa mlango wa pili, amekuja akasema hayo ni meno ya uongo yanachipua, yale wasemayo humtia mtoto homa, kuna mzee mmoja anayafukua kwa kijiti cha chuma, mtoto anapona siku hiyohiyo. "Mwanangu mwenyewe nilimpeleka," akasema. Najua ananipenda, ndiye anayenisaidia kufua. Lakini nilipofikiria chuma ndani ya mdomo ule nilimfunika Taban uso kwa kanga. Nikamwambia, "Dada Shakirah, hakuna mtu atakayemtia mkono mdomoni." Ameondoka amenuna.

Nikampeleka zahanati. Daktari ni kijana, alikuwa mpole. Kasema ni kirusi, vidonda vitakauka vyenyewe, adui ni ukavu wa mwili. Kanipa dawa ya maumivu na sirinji isiyo na sindano, nimdondoshee maji shavuni kidogo kidogo, usiku na mchana. Asipopata mkojo wa kutosha kufikia Jumanne asubuhi, nimpeleke hospitali atiwe dripu.

Amepungua. Akiniegemea naona uzito wake si ule. Usimwambie Mzee Ocira, nakuomba. Najua atakachosema.

Ndiyo, anajua ana bibi. Nilimwambia zamani. Anadhani unaishi ndani ya basi, kwa sababu kila nikimwonyesha basi la Gulu namwambia ndilo linalokwenda kwa bibi.

Mkweo,
Rahmah

*

Wandegeya, Kampala
18 Oktoba 2024

Mama,

Assalamu alaikum. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Taban amepona. Naliandika hili mwanzo ili usisome barua nzima roho ikiwa juu.

Usiku wa Jumatatu ndio uliokuwa mgumu. Umeme ulikatika mapema na mvua ikaanza, ile nyembamba isiyo na kelele. Niliweka taa ya sola sakafuni. Nilimdondoshea maji kwa sirinji, nikazunguka naye, nikamdondoshea, nikazunguka. Hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa ananitazama tu. Nikawa nazungumza naye ili asiende mbali. Nilimhadithia baba yake: jinsi tulivyokutana kwenye foleni ya maji Naguru, jinsi alivyovaa kofia yake ya polisi vibaya ili nicheke. Nilimhadithia na wewe, mambo machache ninayoyajua, mengine nikatunga. Nilikupa ng'ombe wengi, Mama. Nilikupa na mto wa maji baridi nyuma ya nyumba.

Baada ya muda chumba kilirefuka. Kweli. Kutoka kitandani hadi mlangoni ikawa safari, niliona kama tumevuka Karuma, njia ya kwenu Gulu, maji meupe yanachemka chini ya daraja, na sisi tunapita juu hatuguswi. Miguu ilitembea yenyewe. Sikuwa nimelala wala sikuwa macho. Sijui nilikaa saa ngapi. Najua niliamka nimekaa kitandani, ukuta mgongoni, yeye kifuani, kifua changu kimelowa, nikadhani ni mate. Hayakuwa mate. Mama, alikuwa amenikojolea, mkojo mwingi, wa moto! Nililia kwa furaha nikamwamsha. Akanitazama, akasema, "Mama, uji."

Alikunywa kikombe kizima. Aliuma meno kwa uchungu kila funda, lakini alikunywa. Sasa vidonda vimekauka, anakula hata wali. Shakirah na mimi tumepatana, jana alimletea ndizi mbivu.

Hukunijibu barua iliyopita. Kamis anasema aliifikisha mikononi mwako Jumapili. Nimemuuliza kama ulisema lolote, akaangalia pembeni akasema ana abiria. Labda ulikasirika kuhusu yale ya Mzee Ocira. Kama nilikosea adabu, nisamehe.

Mkweo,
Rahmah

*

Wandegeya, Kampala
29 Oktoba 2024

Mama,

Assalamu alaikum. Habari za huko? Bado sijapata neno lako. Kila basi likija natoka dukani. Kamis ananipungia mkono mtupu.

Kama u mgonjwa, mwambie mtu yeyote aniandikie mstari mmoja. Taban ni mzima na anaulizia basi la bibi.

Rahmah

*

Nje ya Gulu
3 Novemba 2024

Mwanangu Rahmah,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi si mgonjwa wala sikukasirika. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaitia motoni. Leo nimekaa nimalize.

Ile barua ya Jumapili ilinikuta kwa shemeji yangu Ocira, tunapura maharage. Aliniona ninavyoisoma. Sikumwambia, lakini uso ulimwambia. Akasema, "Mjukuu wa ndugu yangu anakufa kwenye vyumba vya kupanga na wewe umekaa na maharage? Kamlete." Nami sikubishana. Ninakuambia kweli, sikubishana kwa sababu na mimi nilitaka. Nilichukua mbeleko niliyombebea Okwera, Jumatatu nikapanda basi.

Tulikwama njiani, nikafika Kampala giza limeshaingia. Kamis alinipakia boda, akanileta mpaka uani kwenu, akanionyesha mlango. Nikamwambia nenda ukalale. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba. Nyumba zote giza, dirisha moja tu lina taa, na taa iko chini, kwa hiyo kivuli kilipanda juu kikajaa pazia zima. Mwanamke mkubwa sana, na mtoto begani.

Kivuli kikaenda. Kikarudi. Mimi sisikii, unajua. Sikusikia kama analia, sikusikia kama unaimba au unasema. Niliona tu. Kinaenda kikiwa kidogo, kinarudi kikiwa kikubwa. Kinasimama, mkono unanyanyuka na kitu chembamba, unakishusha mdomoni mwa mtoto, unangoja. Kisha kinaenda tena.

Nilikuwa nimenyanyua mkono nigonge. Nikasema acha amalize mzunguko huu. Ukamaliza, nikasema acha na huu. Pale bombani kulikuwa na beseni limepinduliwa, nikalikalia. Baridi iliniingia mpaka mifupani lakini sikuweza kuondoka wala kusogea. Ilikuwa kama ninajitazama mimi mwenyewe kwa nyuma, kijana, mume hayupo, mtoto anawaka. Wakati ule hakuna aliyekuja kunigongea. Na hakuna aliyekuja kuninyang'anya pia.

Karibu na alfajiri kivuli kikakaa. Kikainama, hakikuinuka tena. Nilisogea mpaka mlangoni. Niliweka kiganja kwenye mbao. Nikafikiri, nikigonga ataamka, na mtoto ndiyo kwanza amelala. Atafungua, ataniona na mbeleko begani, atajua nimefuata nini. Basi nikaishusha ile mbeleko, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nikatembea mpaka kituo cha mabasi.

Sikujua kama amepona. Nilikaa na hilo mpaka barua yako ilipofika, na hiyo ndiyo adhabu yangu, nimeshaitumikia.

Ocira alikuwa ananingoja njiani.
"Mtoto yuko wapi?"
"Nimemwacha kwa mama yake."
"Ulikwenda kufanya nini, kutembea?"
Nikamwambia, "Ocira, wewe umewahi kubeba mtoto usiku kucha?"
Akageuka kutazama barabara.
"Basi mwenye kumbeba nimemwona."

Akipita uani kwangu anatazama miti. Nilingoja hilo liishe kabla sijakuandikia, maana sikutaka kukupa nusu ya habari. Jana amekuja na kopo la siagi ya simsim, ule ufuta wetu, amesaga mwenyewe, mikono imejaa mafuta. Akaliweka mezani akasema, "Ni ya yule mtoto wa Kampala. Mdomo wake haujazoea vitu vigumu." Akaondoka. Nampa Kamis pamoja na barua hii. Mpe Taban kwa kidole, kidogo kidogo.

Ng'ombe sina hata mmoja, mwanangu. Na mto uko mbali. Hayo utayarekebisha wewe.

Bibi yake Taban

*

Wandegeya, Kampala
6 Novemba 2024

Mama,

Assalamu alaikum. Siagi imefika. Kopo limefunguliwa hapohapo dukani, Taban ameketi juu ya rundo la karatasi na amepaka hadi masikioni.

Nimeisoma barua yako mara moja tu, sijaweza mara ya pili. Nimetoka nikaenda pale bombani nikasimama. Shakirah akaniuliza ninatafuta nini, nikamwonyesha beseni.

Shule zikifungwa wanafunzi wanaondoka, kazi inapungua. Njoo ukae nasi. Ukifika usiku, usikae kwenye mvua. Gonga. Ukiona giza, gonga. Hata ukijua amelala, Mama, gonga tu. Ataamka, atalia kidogo, tutambembeleza wawili.

Binti yako,
Rahmah