Kijiko kwa Kijiko

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Aibu! Kikao cha harusi ya Brightness kiko nyumbani kwangu, sebule imejaa watu, na mimi mama wa bibi harusi nimejifungia chooni. Sababu ni soda. Nusu chupa ya orenji, tena kwa pupa, kwa kuwa kila mtu alikuwa na yake mkononi. Hata robo saa haikufika — jasho, moyo mbio, tumbo linakata. Nikakaa sakafuni mpaka ikapita. Na nilijua kabisa! Tangu Januari nilipopasuliwa tumbo likapunguzwa, daktari alinionya kwamba sukari itaniadhibu. Haya, imeniadhibu.

Nilipotoka, Mama Octavian, yaani mama wa bwana harusi, akanitazama juu mpaka chini. Eti mama mwenzangu unapukutika, unaumwa nini? Nikasema mafua. Hawa wakwe wa Kibaigwa sijawaambia habari za upasuaji na sina mpango. Watasema nilikatwa tumbo kwa ulafi.

Alhamisi, 14 Agosti

Kliniki. Loisi, yule dada wa lishe, kanipima: kilo 91. Nilianza na 127. Sukari ya damu nzuri. Sindano za insulini niliacha mwezi wa tatu, na mpaka leo nikiamka naona kama nimesahau kitu, halafu nakumbuka, nafurahi peke yangu.

Loisi kasema sukari ikirudi mezani, sindano nazo zitarudi. Kasema kwa upole, ndiyo maana iliuma. Akaniuliza natamani nini hasa. Chai ya maziwa tu, nikamjibu. Tu! Natamani visheti. Natamani ubuyu, ule mwekundu unaobaki kwenye vidole. Natamani jamu bila mkate. Tumbo wamelikata, ulimi wameuacha mzima.

Jumanne, 19 Agosti

Ofisini. Upepo wa Mtumba umetujaza vumbi mpaka kwenye mafaili. Saa nne chai ikaja, ya jagi, imeshawekwa sukari. Ningeweza kuikataa. Nikachukua kijiko cha chai, nikawa nakunywa kwa kijiko, taratibu, huku nafanya kazi. Nikasubiri jasho. Hakuna. Moyo shwari.

Kikombe kizima! Na tumbo halikushtuka.

Nimefurahi, halafu nimeogopa. Kumbe adhabu ina njia ya kuizunguka.

Jumapili, 24 Agosti

Kaka Yotham kaleta zabibu kutoka Makutupora, ndoo nzima, msimu umekolea. Nimekula moja moja kuanzia tulipotoka kanisani mpaka jioni. Hakuna kilichotokea. Mizani iko chini ya kitanda. Itakaa huko huko.

Jumanne, 2 Septemba

MC Gaudence kaja kupitia ratiba. Akafika kwenye keki: maharusi watawalisha wazazi, kwanza upande wa bwana, kisha Mama mzazi wa Brightness — ngoma, vigelegele, kamera zote hapo! Nikauliza kama inaweza kurukwa. Akacheka. Kasema Mama, ukikataa keki ya mwanao mbele ya wakwe, Kibaigwa nzima itajua kabla hatujafika kwenye chakula. Kasema kweli. Mama Octavian atasema namkataa mwanawe.

 Gaudence alipoondoka Brightness akasema, Mama usihofu, nimeshaongea na dada Gladness anayeoka. Atakutengenezea kipande chako peke yako, bila sukari wala krimu, kitakaa kwenye kisosi pembeni. Hakuna atakayejua.

Mtoto ana akili! Mtoto ananipenda! Na mimi nikanuna. Nikamjibu mkato, nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Kile kipande cha keki yenyewe nilikuwa nakingoja. Tangu wiki iliyopita nalala nikikiwaza, kipande cha halali, mbele za watu, ambacho hata Loisi asingeweza kunilaumu. Brightness kaninyang'anya kwa wema.

Ijumaa, 5 Septemba

Gauni limepunguzwa tena kiunoni. Fundi kanisifu. Nimekunywa chai vikombe viwili, kwa kijiko.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa hizi ndiyo nimeingia, miguu imevimba. Mwanangu alipendeza! Nimelia mpaka wanja ukashuka. Alinilisha kile kipande chake, kikavu kama sifongo ya vyombo, na macho yake yakaniuliza vipi. Nikatafuna, nikatabasamu, ukumbi ukalipuka vigelegele. Mama Octavian kanikumbatia, kaniita dada. Leo nilishinda.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Nyumba kimya. Chumba cha Brightness kitanda kimetandikwa, na hakuna wa kukilalia.

Keki iko mezani kwangu. Sio kile kipande. Keki nzima, ile ya wazazi, iliyofungwa kwa utepe, ambayo maharusi hukabidhi kila upande baada ya kulishana. Harusi ipi isiyo na keki ya wazazi? Brightness kwa shughuli zote zile alisahau kwamba nami ningekabidhiwa yangu. Gladness naye. Mimi sikusahau. Jumanne ile, kabla sijamaliza kununa, nilikumbuka, nikanyamaza.

Sasa hivi Brightness kapiga simu kutoka Kibaigwa. Sauti ya juu: Mama! Ile keki! Uko peke yako nayo? Nikasema nimeshampelekea Mama Abeli, jirani, asubuhi tu, wamekula na wanawe wote. Akashusha pumzi. Kasema Mama najivunia wewe. Akaanza kulia, nikamwambia asilie, ni bibi harusi.

Utepe nimeshaufungua. Krimu nyeupe, pembeni maua ya rangi ya zabibu. Upande mmoja umeingia kidole. Sikusubiri jasho, nilijua haliji, nililamba taratibu.

Mama Abeli yuko uani kwake, namsikia anafagia. Nikinyanyuka sasa hivi nikampelekea, maneno yangu yatakuwa kweli, yamechelewa kidogo tu. Sinia ninalo. Hatua chache.

Nimalizie kwanza kuandika.