Sakafu Iliyolowa

Mbotela, Nairobi
Jumamosi

Kaka yangu mpendwa Kimeu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Mbotela. Natumai barua hii itakukuta umeketi kivulini, Mama amekulisha mpaka mshipi unakubana, na kikohozi kinaanza kukuacha. Sisi hatujambo. Binamu yetu Kathini anasafiri kesho kuja Makueni, nami nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe hucheka mapema, nami hunywea nikaishia kuongea habari za sukuma wiki.

Mama alinipigia jana adhuhuri kunieleza majibu ya picha ya kifua, kwamba mapafu yako hayana kovu, ni vumbi tu lililokuchokoza, na ukijikinga utapona kabisa. Kaka, niliketi chini jikoni nikalia kwa furaha hadi jirani yetu Triza akaja kuuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna aliyefariki, kuna mtu amepona. Akasonya akaenda zake, kisha akarudi na chapati mbili.

Sasa nikupe habari za kongamano. Unakumbuka nilialikwa kuusimulia utafiti wa karakana yenu: wiki moja ya kupima vumbi la mbao bila feni, wiki ya pili na feni, na vumbi likapungua zaidi ya nusu. Zamu yangu ilikuwa Ijumaa, na nilikuwa nimeshonewa hata blauzi. Lakini Alhamisi walituwekea kikao cha kuketi na wanasayansi wakubwa. Ukumbini kulikuwa na meza kumi za duara. Wakubwa wanabaki mezani, sisi wadogo tunahama, na kila baada ya dakika ishirini msichana mmoja, Whitney, anagonga kengele. Tulizungushwa kama bibi harusi anayepelekwa kwa mashangazi. Masharti yalikuwa hakuna kompyuta, hakuna kutaja vyeo, na kila kijana aje na jambo moja lililomshinda katika kazi yake. Mimi nilijichagulia aibu ndogo ya kubebeka, betri ya mashine ya kupimia iliyozima siku moja.

Meza ya kwanza nilipita salama. Meza ya pili aliketi Profesa Nurto, mama mmoja mfupi aliyechunguza mapafu ya wafanyakazi kwa miaka arobaini. Alisikiliza habari ya betri huku akitafuna njugu, akasema hiyo nimpelekee fundi wa betri. Kisha akaniuliza, "Asubuhi, kabla ya kazi kuanza, sakafu ilikuwaje?"

Ningeweza kusema ilikuwa kavu. Vijana watano walikuwa wakinitazama. Nikasema ilikuwa imelowa. Nikaeleza kwamba wiki ya feni wageni wa chuo walikuwa wakija kuangalia, na mafundi, kwa heshima, walifagia na kunyunyiza maji kila asubuhi ili wasiniaibishe. Ndivyo tulivyolelewa, mgeni hapokewi kwenye vumbi. Wiki ya kwanza hapakuwa na mgeni, kwa hiyo hapakuwa na maji. Hakuna ajuaye basi kama vumbi lilipunguzwa na feni au na ndoo yenu.

Kengele ikalia, wenzangu wakahama. Profesa alinishika mkono, akamwambia Whitney aendelee na wengine. Hakunikemea. Aliuliza ni nani wanaokitegemea kipimo hicho. Nikamwambia ni kaka yangu, aliyevua barakoa na kuufunga mlango wa karakana kwa sababu nilimwambia feni inatosha, na sasa yuko kwa Mama anakohoa, anangoja majibu ya hospitali. Akasukuma njugu zake kando, akasema, "Waambie wanaopumua kwanza. Wanaosoma watangoja."

Nilitoka hapo nikaenda karakanani kwenu Gikomba kwa miguu, na vile viatu vya kongamano vikanitia adabu. Niliwaambia mafundi wavae barakoa na wafungue mlango, maana feni haijathibitika. Muturi, ambaye hakosi la kusema, aliuliza, "Sasa daktari, hii feni tuitoe ama tuwaachie nzi?" Nikamwambia aiache, tutapima upya. Kisha nikamwandikia msimamizi wangu na kujiondoa kwenye orodha ya Ijumaa. Alikasirika sana, halafu akakubali kwamba ni afadhali sasa kuliko baada ya kuchapishwa. Profesa Nurto atatusaidia kupanga vipimo vipya, wote mkiwa na barakoa: maji peke yake, feni peke yake, vyote pamoja, na siku zisizo na chochote. Usiku wa jana nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Lakini kuna moja ambalo hata pale mezani sikulisema. Nilimwambia Profesa kwamba hakuna fundi aliyefikiria kuwa maji yangeharibu kipimo. Nilidanganya. Jumatano ya wiki ile ya feni nilikukuta umeinama na ndoo, ukaniuliza, "Kasi, hii maji haitaharibu vipimo zako?" Nilijua yataviharibu. Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma muhtasari wa utafiti, na nambari zilikuwa nzuri. Nikakuambia, "Endelea tu." Halafu nikakuacha uvue barakoa.

Kikohozi hicho nilikupa mimi. Naomba unisamehe, na tafadhali usiseme si kitu, maana nakujua.

Msalimie sana Mama, mwambie asikuruhusu kushika randa kabla daktari hajasema. Mbithe na watoto wake wanakusalimu, na Triza pia, ingawa anadai nimemharibia moyo kwa kilio changu cha jana.

Kwenye ripoti mpya nimeomba jina lako litangulie langu. Profesa ameuliza Kimeu ni mtafiti wa wapi. Nitamjibu Jumatatu, ukiwa umeshasoma barua hii, kwamba ni seremala wa Gikomba, naye ndiye aliyeniuliza swali la Profesa miezi mitatu kabla yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kasiva