Pettiford au Rusk

Jumapili, 20 Agosti

Kaka yangu Cas kapiga simu. Kiti cha marehemu Baba kwenye ligi yetu ya mezani nitakikalia mimi. "Kwa mwaka huu tu, mdogo wangu, halafu tutaona." Tutaona nini? Ligi aliianzisha Baba! Watu kumi, gereji ya Cas, kila Agosti tunagawana wachezaji wa kweli wa futiboli ya Kimarekani, na wanachofanya uwanjani kinakuwa pointi zetu. Macho ya Baba yalipofifia, nani alikuwa anamsomea takwimu? Mimi.

Kila mtu anaruhusiwa kubaki na mchezaji mmoja wa mwaka jana. Baba kaacha wadakaji wawili wazuri, wale wanaokimbia mbele warushiwe mpira. Lavon Pettiford, mtu mzima, thelathini na mbili. Cade Rusk, kijana, mbio kama kaiba. Jumapili ijayo nitaje mmoja mezani. Mwingine anarudi sokoni.

Jumatatu, 21 Agosti

Duane, mume wa mdogo wangu Bernadette, kanipigia kazini. Kazini! "Shemeji, baki na Pettiford. Mzee alimpenda. Muenzi mzee." Sauti ya msibani kabisa. Duane huyuhuyu aliyetoroka mazishini akawahi mechi! Na ndiye atakayechagua wa kwanza. Nikimwachia Rusk, anambeba palepale. Ananiona mtoto.

Jumanne, 22 Agosti

Nimerudia mechi zao za msimu uliopita. Rusk akidaka mpira mrefu, uwanja mzima unasimama. Wiki inayofuata—hewa. Na mipira iliyomfika mikononi anaiangusha. Pettiford haendi mbali. Hatua chache, anageuka, mpira huo, anaangushwa. Anainuka. Tena. Tena. Havutii, ni kama kumtazama mtu akikunja nguo.

Lakini kwetu kila mpira uliodakwa ni pointi, hata ukidakiwa hapohapo. Kanuni hiyo Baba aliipigania. Kwa hiyo ni Pettiford. Kwa hesabu, si kwa machozi! Ila wote watasema nimemlilia Baba, na Duane atajipongeza kwamba kanichezea. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Alhamisi, 24 Agosti

Sikuvumilia. Tulikuwa tunaponda viazi vya kujaza pierogi, zile sambusa za kuchemsha, nikamweleza Bernadette hesabu yote. "Kumbe, dada! Duane anadhani unaomboleza tu." Nikamwambia amwache adhani hivyo. Akacheka. Nikacheka.

Ijumaa, 25 Agosti

Duane alikuwa anapiga simu kila siku. Leo kimya.

Jumapili, 27 Agosti

Naandika chooni kwa Cas. Mlango nimeubana.

Kabla sijataja jina, Duane akasimama na bia yake. Anapendekeza pointi ya kudaka ifutwe. Kuanzia leo! "Jamani, mtu apate pointi kwa kudaka na kuanguka? Hata mama yangu anajua kuanguka." Wakacheka. Bernadette alikuwa anapanga sahani, hakunitazama. Nikajua hesabu yangu ilimfikiaje Duane. Pointi hiyo ikifutwa, Pettiford ni mzee anayeanguka tu, na Rusk simwachi—Duane atakosa Rusk, na kwake ni afadhali kuliko kushindwa na hesabu yangu, lakini mimi nitakosa kila nilichokijua kuliko wao.

Kanuni haibadiliki mpaka mikono yote kumi inyooshwe. Nayo ni ya Baba. Mikono ikapanda mmoja mmoja. Wa mwisho Cas. Cas! Mtoto wake wa kwanza! Mikono tisa, na nyuso zote kwangu.

"Nyoosha, mdogo wangu, usituharibie siku. Wewe mwenyewe ni mgeni."

Mgeni! Kwenye kiti cha baba yangu! Nikasema naenda chooni.

Sasa Cas anagonga. Nyuma yake Duane anapiga kelele kwamba soseji zinaungua. Kaka yangu kashusha sauti, mdomo karibu na mlango: "Loretta, sikiliza. Nyoosha tu, na kiti ni chako. Mwakani, na miaka yote. Sitakihoji tena."

Kwa hiyo hivi ndivyo kinavyopatikana. Nitakalia kiti cha Baba nikishaitupa kanuni ya Baba.

"Umenisikia?"

Nimemuuliza kama mikono bado iko juu. Anasema iko juu, watu wanaona aibu kushusha, na mjomba Stas bega linamuuma.

Nimemwambia waiache hukohuko juu. Mkono wa kumi umeshika kalamu. Naandika, na leo naandika polepole.