Baba, Walinipima

Baba,

Mahindi yamevunwa bila mimi. Baba mdogo amefunga nyumba ya Butiama kwa kufuli lake, mama amehamia Nyasho kwa dada yake, mimi nimepanga chumba Kabasa. Ndivyo tulivyo tangu tukuzike.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka chuo kukusanya nyigu? Ulikuwaga unaniamsha alfajiri, baridi ikiwa bado imewalaza, unashika ngazi, nami nakata viota chini ya bati la kanisa na kuwatia nyigu kwenye spiriti. Ukauliza, nyigu wafu wana faida gani. Nikakueleza: kwenye DNA yao kuna vipande vifupi vinavyojirudia, kimoja mara kumi, kingine mara kumi na tano. Hesabu hiyo mtoto huirithi kwa wazazi, kwa hiyo ukiisoma unajua nani ni ndugu wa nani kwenye kiota. Ukaishika ngazi vizuri. Halafu ukasema, "Basi mimi usinipime." Nikacheka. Mjinga mimi, nikacheka!

Siku ya kumaliza matanga, wageni wakaniuliza nasomea nini. Nikajidai, nikawaeleza yale yale. Baba mdogo akaweka kikombe chini.

"Kumbe inapimika? Basi na wewe upimwe. Ukoo una maneno siku nyingi."

Nilikubali kwa hasira, nimfunge mdomo. Tukatoa mate, yeye na mimi. Majibu yalipokuja sikuhitaji mtu wa kunisomea. Vile vipande ambavyo wanaume wa ukoo mmoja hurithishana, vyake na vyangu havilingani. Nilisoma mara tatu.

Nikamfuata mama Nyasho. Alikuwa anachambua dagaa. Akasema tu, "Baba yako alijua kabla hujazaliwa," akaendelea kuchambua.

Kwa hiyo ulijua. Ukanishikia ngazi, ukanisikiliza, ukaniacha niende mwenyewe kutoa mate mbele ya watu. Neno moja tu, baba! Ulikuwa na maisha yangu yote ya kulisema. Uchungu nilionao kwako unazidi wa baba mdogo, yeye hakunipendaga.

Lala, baba. Ukoo umenikataza kukanyaga pale kaburini, lakini nimesikia msalaba wako umeinama na hakuna anayeunyoosha. Jumamosi nakuja na saruji. Wakiniuliza mimi nani, nitawaambia nimekuja kwa baba yangu. Nikishausimamisha, nitakaa hapo chini nikugombeze mpaka nimalize.

Mwanao.