Sababu ya Kuwa Daktari

Malaz, Riyadh
14 Septemba 2024

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu nyingi. Mguu umepona? Jeremiah, mwenzako wa chumbani, aliniambia ulikanyaga kipande cha kigae hapo ghalani unapolinda ukashonwa, nawe kwenye simu ukanificha. Mimi ni mzima. Mwaka huu wa nne sina mwenzangu chumbani. Yule msichana wa Sudan alihitimu akarudi kwao, na kitanda chake hakijapata mtu. Kuna Ijumaa inapita kutwa nzima sijatamka neno, na jioni nikijaribu kuimba nakuta sauti imekwama.

Nakuandikia kwa sababu simu zetu unazijua. Mimi nasema niko sawa, wewe unasema uko sawa, halafu tunabaki kusikilizana tukipumua. Barua hii nampa Nahashon wa lori, anashuka Jeddah kila baada ya wiki mbili.

Jambo lenyewe ni hili. Nikimaliza digrii ya baiolojia nataka kuomba nafasi ya udaktari. Kuna chuo hapa Riyadh kinachopokea watu wenye digrii ya kwanza, ila wageni tunaachiwa viti vichache mno. Nimekaa na Daktari Ruqayya, yule mama wa Kizanzibari wa hospitali ninakojitolea, akapitia karatasi zangu moja baada ya nyingine. "Baiolojia nzuri," akasema. "Kemia inachechemea, kairudie. Saa zako za wodini bado chache. Barua ya kukupendekeza n'takuandikia mie. Lakini insha, mwanangu, insha ndiyo itakayokutoa kwenye kundi. Waambie kwa nini wataka kuwa daktari, na iwe sababu yako wewe, si ya kila mtu."

Sababu yangu unaijua. Nilikuwa na miaka sita. Mama alishikwa na uchungu, ukampeleka dispensari, nesi akawa amefunga lango na kwenda zake. Mama akafia hapo nje na mtoto tumboni. Hilo lango ndilo lililonisomesha, Baba. Lakini nikikaa kuandika nagundua sijui kitu kingine zaidi ya lango. Ilikuwa saa ngapi? Nani alisaidia kumbeba? Nesi aliitwa nani? Niandikie yote, hata yale madogo. Mwisho wa kupeleka maombi ni tarehe 15 Januari.

Binti yako,
Selipher

~

Al-Mahjar, Jeddah
6 Oktoba 2024

Selipher mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mguu umepona, nyuzi zimetolewa, usiwe na wasiwasi. Huku Jeddah jasho halikauki, shati unalifua na bado linabaki bichi kwenye kamba. Bosi ameongeza vigae mpaka karibu na kibanda changu, sasa nikikaa mlangoni sioni barabara, naona maboksi tu. Jeremiah anakusalimia. Juzi alipika ugali tukaula na samaki wa hapa, akasema binti wa Zacharia akiwa daktari atamtibu mgongo bure.

Kemia irudie kama mama huyo alivyosema. Saa za wodini ongeza, lakini ulale pia. Wewe tangu mdogo ukishika kitu huachi.

Hayo ya mama yako tuyaache kwanza. Yamepita miaka mingi. Kwa nini usiandike juu yako mwenyewe, jinsi ulivyosoma kwa taa ya mafuta kwa nyanya yako, jinsi ulivyopata hiyo nafasi ya kusomeshwa ng'ambo? Hilo nalo ni jambo kubwa.

Baba yako,
Zacharia

~

Malaz, Riyadh
22 Novemba 2024

Kwako Baba,

Natumai hujambo, na Jeremiah pia. Mimi nina mafua kidogo, baridi imeanza.

Taa ya mafuta kila mtu anayo, Baba. Waombaji wote wamesomea taa ya mafuta.

Kemia inaenda vizuri. Wodini naenda Ijumaa na Jumamosi. Wiki jana aliletwa mwenzetu kutoka Bungoma, Valary, anafanya kazi za nyumbani. Tumbo lilikuwa linamuuma hadi amejikunja. Daktari wa zamu ni Mmisri, na kila alichouliza, madam wa Valary alikijibu. Anaumwa tangu lini? Tangu leo. Anatapika? Hapana. Nikamwinamia Valary, nikamuuliza kwa Kiswahili. Akanishika mkono, akasema, "Dada, ni siku ya nne. Usiniache na huyu." Nikamwambia daktari: siku nne, na anatapika. Madam akanikazia macho. Daktari akamwomba atoke nje, na saa ileile Valary akapelekwa kupasuliwa. Kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka. Nilienda chooni nikalia, sijui kwa nini.

Hukunijibu juu ya Mama, kwa hiyo nimeandika vile ninavyokumbuka nilivyosikia. Nakala iko ndani ya bahasha. Daktari Ruqayya aliposoma alivua miwani, akasema, "Hii watakusikiliza." Nimeanza na lango, na kufuli likilowa mvua. Mvua nimeibuni mimi. Soma, unirekebishe palipo na kosa.

Binti yako,
Selipher

~

Malaz, Riyadh
28 Desemba 2024

Baba,

Habari za Krismasi? Nahashon ameapa kwamba bahasha alikukabidhi mkononi. Nimepiga simu mara mbili, ukasema uko sawa, uko kazini. Nami nikasema niko sawa.

Siku ya Krismasi nilikuwa na somo asubuhi, halafu nikarudi chumbani nikala wali wa juzi. Nilikumbuka Idd ile uliyokuja kwa basi tukakaa kwenye bustani hapa Malaz, tukala kuku na wali, ukaniuliza shule iko vipi, nikasema iko sawa, ukaangalia saa. Ndiyo mara ya mwisho nilipokuona. Ni miaka miwili sasa, na tuko nchi moja.

Zimebaki siku kumi na nane. Niambie tu kama insha ni nzuri.

Selipher

~

Al-Mahjar, Jeddah
5 Januari 2025

Selipher mwanangu,

Nakusalimu, ingawa sijui kama ukimaliza kusoma utaitaka salamu yangu.

Insha ni nzuri. Ni nzuri mpaka nimeshindwa kula. Lakini si ya kweli, na si wewe uliyedanganya.

Lango halikufungwa. Lilikuwa wazi, na nesi alikuwepo.

Wiki mbili kabla ya hapo alimpima mama yako akamwambia mtoto amekaa upande, asijaribu kuzalia nyumbani wala pale dispensari, uchungu ukianza tu aende hospitali kubwa. Mama yako alinieleza. Nilimwambia mama yangu alizaa tisa pale pale jikoni.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya trekta. Miwa yetu ilikuwa imekatwa, imelala shambani, ikikaa inakauka, na tulikuwa tumelingoja trekta la kampuni ya sukari tangu mwezi uliopita. Lilifika saa mbili asubuhi. Saa tatu Beldina akaja mpaka ukingoni mwa shamba, ameshika kiuno. "Zacharia, twende." Nikamjibu, "Ngoja trekta liondoke." Saa sita akamtuma jirani kuniita. Nikasema nakuja. Tulimaliza kupakia saa kumi. Nilipofika nyumbani alikuwa hawezi kusimama.

Hospitali kubwa ilikuwa mbali, tukakimbilia dispensari. Nesi alitoka nje mbio, bila viatu, akampokea mikononi mwetu. Alihangaika naye mpaka damu ikamfika viwikoni. Halas. Hakukuwa tena na la kufanya.

Msibani watu waliniuliza, ilikuwaje? Nikasema, tulikuta lango limefungwa. Lilinitoka mdomoni tu. Yule nesi alikuwa mgeni kwetu, Mkikuyu, hana ndugu wa kumtetea pale. Watu waliamini kabla sijamaliza sentensi. Alikuja mazishini akaninyooshea mkono, nikamgeuzia mgongo mbele ya kanisa zima. Kabla ya mwaka kwisha wanakijiji waliandamana, akahamishwa. Jina lake Wanjiru. Uliniuliza jina, ndilo hilo.

Wewe ulikulia katika uongo wangu, na uongo huo ukakupa nguvu ya kusoma. Kila ulipoleta matokeo mazuri nilijiambia, basi, acha ukae. Nilikuja huku Jeddah kutafuta kazi, ni kweli, lakini pia nilikuja ili nisikutazame usoni ukiuliza.

Ungeweza kuipeleka ilivyo, wala hakuna ambaye angejua. Lakini ungekuwa daktari kwa kumpaka mwenzako matope, na matope ni yangu.

Baba yako,
Zacharia

~

Al-Mahjar, Jeddah
9 Machi 2025

Selipher,

Hujambo? Sijui kama ulipeleka maombi. Sijui kama unakula. Simu hupokei, na sikulaumu. Nahashon anasema alikuona langoni pa hosteli, umekonda, ukapokea mzigo niliokutumia bila kuuliza chochote.

Ramadhani imeingia. Mchana ghalani pako kimya, magari hayaji. Jeremiah ameenda likizo nyumbani, kwa hiyo chumbani niko mimi na feni.

Sikuandikii ili unijibu. Naandika ujue kwamba nipo.

Zacharia

~

Malaz, Riyadh
25 Aprili 2025

Baba,

Ni mzima. Natumai nawe ni mzima.

Barua yako ilinifika tarehe 12 Januari. Siku ya pili nilienda kwa Daktari Ruqayya nikamwambia sina insha. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Akavuta kiti. "Kaa. Sasa niambie, kisa hicho ukikitoa, bado wataka kuwa daktari?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi anza hapo. Miaka yote hujawahi kujiuliza."

Nilikaa siku mbili. Nikaandika juu ya Valary: siku ya nne, madam akijibu, mkono wake. Insha ilikuwa fupi, haikuwa na mvua. Niliandika kwamba nilipokuwa nimemwinamia sikumkumbuka mama yangu hata kidogo. Nilitaka tu kujua anaumwa wapi. Nikaipeleka.

Mwezi wa tatu waliniita kwenye mahojiano. Walikuwa watatu mezani. Mmoja akauliza, "Insha yako ni ya juzi juzi tu. Kabla ya hapo, nini kilikuleta kwenye udaktari?" Nikasema, "Jambo ambalo nilikuja kugundua si kweli." Wakangoja. Nikashindwa kuendelea. Nilikuwa na majibu niliyoyakariri chumbani, yote yakaniruka.

Sikuchukuliwa. Barua ya majibu inasema alama za kemia zimepanda, walionipendekeza wamenisifu, nijaribu tena mwakani nikiwa na saa nyingi zaidi za hospitali. Nitajaribu. Nimejiuliza, na jibu ni ndiyo.

Baba, nimekukasirikia kwa namna ambayo sikujua ninayo. Si kwa sababu ya trekta. Trekta nimelielewa, huku wodini nimeona watu wazima wengi waliosema ngoja kidogo. Ni yule mwanamke. Miaka yote nimemwombea mabaya kabla ya kulala, na nilimfundisha kila rafiki yangu kumchukia.

Nimemtafuta. Binamu yangu Justus anafanya kazi afisi ya kaunti, akauliza kwa manesi wa zamani. Amestaafu, yuko Nyeri. Nilimpigia. Niliposema jina la Mama alilirudia palepale, "Beldina. Mtoto alikuwa amelala upande." Miaka kumi na sita, na anakumbuka mtoto alivyolala. Nikaomba msamaha kwa niaba yako. Akanikatiza: "Wewe ulikuwa mtoto. Huna deni na mimi. Aliyesema yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akasema, "Basi ana mdomo."

Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Usiniandikie mpaka uwe umepiga.

Selipher

~

Al-Mahjar, Jeddah
17 Mei 2025

Selipher mwanangu,

Nakusalimu. Nimepiga.

Ilinichukua wiki mbili, sitakudanganya. Jana, baada ya zamu, Jeremiah akiwa anapiga pasi shati lake, nikapiga. Aliitika kwa Kikuyu. Nikasema mimi ni Zacharia, mume wa Beldina. Nikadhani amekata. Kisha akasema, "Sema."

Nikasema. Shamba, saa tatu, saa sita, saa kumi. Kwamba lango lilikuwa wazi. Kwamba alitoka bila viatu. Hakunisaidia hata neno moja, na nilipolia hakunibembeleza. Mwisho akasema, "Walinitupia mawe nyumbani, Zacharia. Mwanangu wa kwanza ana kovu." Hilo sikulijua. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Rudi kanisani kwenu ukaseme hivyo hivyo ulivyosema kwangu." Akakata simu. Hakusema amenisamehe.

Nimemwomba bosi, kafili wangu, likizo ya Agosti. Nitaenda nyumbani, nitasimama mbele ya wale walionisikia. Nitapitia Riyadh. Ukitaka kuniona, nitashuka hapo. Usipotaka, nitaelewa, nitaendelea na safari.

Nilipoweka simu chini, Jeremiah aliacha pasi akaniuliza, "Nani huyo amekuliza hivi?"

Nikamwambia, "Ni nesi aliyejaribu kumwokoa mke wangu."

Miaka tisa tumelala chumba kimoja, hakuwahi kunisikia nikimtaja mke wangu.

Baba yako,
Zacharia