Mlango wa Basi na Sufuria ya Mama

Mikumi, Jumanne usiku

Mama bado amenuna kwa sababu ya sufuria yake ya wali, lakini mlango wa basi umetoka laini.

Jana Baba aliupulizia rangi asubuhi, baridi ikiwa kali. Rangi ilikuwa nzito, ikakauka na vipele kama ganda la chungwa. Mwenye basi alisema akikuta kipele tena, atalipeleka basi lake kwa fundi wa Morogoro. Siku hizi mabasi ya watu binafsi ni mengi, na mafundi nao ni wengi.

Leo Baba alitaka kuongeza thina ili kuizimua rangi.

“Baba, ikizidi rangi itachuruzika. Tuliweke kopo la rangi kwenye maji ya moto, mbali na jiko.” Shuleni tulifundishwa kwamba joto huifanya rangi iwe nyepesi.

“Haya, mwalimu. Ikiharibika, msasa utapiga wewe.”

Nikachukua sufuria ya Mama, nikachemsha maji, tukalipasha kopo humo, kisha Baba akaupulizia mlango upya.

Jioni mwenye basi alipitisha kiganja mlangoni polepole.

“Upande wa pili lini?” akauliza.

“Kesho,” Baba akajibu, akanitazama.

Nilikuwa nawaza kesho tutapasha rangi kwenye sufuria gani. Sasa hivi Mama ameita kutoka jikoni: “We, njoo uchukue sufuria yenu. Wali unaonuka rangi nani ataula?”